Darasa la Sita na Zamu ya Maji

Ninyi walimu vijana mlionikuta sokoni Same nikichagua mchicha, mkaniambia, "Bibi, shikamoo, hebu tuambie mlikuwa mnawatembezaje watoto enzi zile hakuna basi," marahaba. Siku ile sikuwajibu vizuri kwa sababu jua lilikuwa kali na mchicha wangu ulikuwa unanyauka. Sasa nimekaa kibarazani, miguu iko juu ya kigoda, nawaandikia. Mkisoma, someni mkiwa mmekula, maana nitataja kande mara kwa mara.

Mimi ni wa Kighare, kule Ugweno, lakini kazi yangu karibu yote niliifanyia bondeni, katika shule ya msingi iliyokuwa kati ya mji wa Same na Makanya, pembeni mwa shamba la mkonge. Nilifundisha jiografia na historia. Darasa langu la moyoni lilikuwa la sita. Wa darasa la tano bado wanaogopa kila kitu, na wa saba wana mtihani kichwani. Wa sita wana miguu na wana maswali. Nyuma ya mgongo wangu waliniita Mwalimu Miguu, wakidhani sijui.

Miaka ile ilikuwa migumu, sitaki kuwadanganya. Sabuni ilikuwa adimu, sukari ilikuwa ya kunong'onezana, na chaki tulikuwa tunavunja vipande viwili ili na mwenzio afundishe. Ramani ya Tanzania ilikuwa moja shule nzima, nayo ilikuwa imechanika katikati, Dodoma haionekani. Nikawa nasimama mbele ya watoto nikiwaambia habari za milima, na milima yenyewe iko pale dirishani, Upare wote umejipanga, na nusu ya darasa haijawahi kuipanda. Siku moja nilikasirika nikaweka chaki chini. Nikawaambia, "Jumamosi kila mmoja aje na chupa ya maji. Somo liko juu huko."

Ndivyo ilivyoanza. Ninyi leo mnaita ziara ya mafunzo, mna Coaster, mna chipsi kwenye mifuko, na mtoto anarudi na picha mia za uso wake mwenyewe. Sikatai. Ningekuwa na Coaster ningeipanda, tena kiti cha mbele. Lakini nilikuwa na miguu, na wakati mwingine lori la mkonge kama dereva ameamka vizuri.

Nitawapa machache ya kazi kabla sijasahau. Mkipanda mlima, mtoto mzito wa mwendo awekwe mbele kabisa, msimweke nyuma. Akiwa nyuma anakata tamaa, akiwa mbele anakuwa kiongozi na wote mnafika pamoja. Ndimu ibebwe, si peremende. Nyimbo ziimbwe wakati wa kushuka, kupanda kunahitaji pumzi. Na kabla hamjafika kwa watu, watoto wawe wamejifunza salamu ya pale, na waiseme hata kama ulimi unawakataa. Mwenyeji akicheka matamshi yenu mmeshaingia ndani.

Na msimuulize mwenyeji, "Mila zenu ni zipi?" Atawapa majibu ya kitabuni. Muulizeni, "Haya maji yanatoka wapi?" au, "Huyu mbuzi atagawanywaje?" Hapo mtakaa mpaka mchana.

Nilijifunza haya kwa kuaibika. Tulipokwenda Nyumba ya Mungu, kwenye bwawa, mtoto mmoja wa mlimani alikuja amevaa suruali ya kanisani na tai ya kaka yake, kwa sababu ya jina la mahali. Alifika akakuta wavuvi wako vifua wazi wanaparua magamba. Wavuvi wale walikuwa watu wa kila kona ya nchi, nao walimpenda kijana wa tai kuliko wote, wakamkalisha juu ya ndoo, wakampa samaki wa kuchoma. Hakuwa amekula samaki maishani mwake. Alitafuna na miba. Mvuvi mmoja mzee aliacha kazi, akakaa naye akimtolea mwiba mmoja mmoja, huku akimweleza kwao wanavyokula samaki na wanavyomwambia mtoto anyamaze wakati wa kula. Somo la utamaduni la siku ile lote lilikuwa pale kwenye ndoo.

Sasa nije kwenye habari yenyewe, maana najua mkiniacha nitazunguka mpaka Mombo.

Nilikuwa na sheria moja. Kabla ya safari yoyote, Ijumaa mchana, kila mtoto alisimama mbele akatueleza kwao. Sikutaka watoto wakaulize mambo ya watu wakati ya kwao hawajayasema. Basi mtoto wa Kimasai alituonyesha jinsi ya kuinamisha kichwa ili mzee akuguse utosini. Mtoto wa Usangi alitueleza migomba. Tulicheka, tukabishana, wengine walitia chumvi nyingi.

Zamu ikamfikia msichana mmoja anaitwa Tausi. Alikuwa mrefu, kimya, mwandiko mzuri. Alikuwa mtoto wa kambini. Baba yake, Mzee Bukuru, alitoka Kigoma akiwa kijana kuja kukata mkonge. Mama yake alikuwa mtu wa Songea, naye alifariki Tausi akiwa bado anabebwa mgongoni. Mtoto alizaliwa pale kwenye nyumba za mabati za shamba, akalelewa na majirani wa makabila yote, lugha yake ni Kiswahili tu.

Alisimama, akashika kona ya dawati. Akasema, "Mwalimu, mimi nipite."

"Kwa nini nikupite?"

"Mimi sina kwetu. Mimi ni wa kambini."

Nyuma mtoto mmoja akatamka, "Manamba." Ndilo jina watu wa hapa waliwapa waliokuja kukata mkonge, na halikuwa jina la heshima. Wengine wakacheka. Mimi na sikio la yule mtoto tulifahamiana vizuri sana mchana ule. Lakini Tausi alikuwa ameshakaa, na macho yake yalinisihi nisimsimamishe tena. Nikampita, nikamwita anayefuata.

Usiku sikuacha kumfikiria, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine ambalo sote tulilijua. Kambini maneno yalikuwa yameanza. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, serikali ilikuwa inaachia mashamba, na watu walisema hili letu nalo litauzwa au litafungwa. Wafanyakazi watapakiwa kwenye malori warudishwe kwao. Kwa mkata mkonge aliyeacha mama na shamba mahali fulani, hiyo ni habari ngumu lakini inaeleweka. Kwa Tausi haikueleweka. Angerudishwaje mahali ambapo hajawahi kufika? Na alikuwa amebakiza darasa moja tu amalize shule.

Safari iliyofuata ilikuwa ya Suji. Nilitaka watoto waone ndiva. Ndiva ni bwawa la kijiji linalochimbwa kwenye mteremko wa mlima, likazibwa kwa udongo na mawe. Maji ya kijito yanakusanyika humo usiku, asubuhi yanafunguliwa yashuke kwa mifereji mpaka kwenye mashamba ya watu, kila nyumba na zamu yake. Ukitaka kumfundisha mtoto historia ya Wapare bila kufungua kitabu, mpeleke kwenye ndiva.

Nikapanga Jumamosi. Mimi ni Mlutheri wa Ugweno, Jumapili nina kanisa, kwa hiyo safari zangu zote zilikuwa Jumamosi. Tulipanda tangu alfajiri, tukafika Suji tumelowa jasho, watoto wamekariri salamu ya Kipare njia nzima. Kijiji kilikuwa kimya. Hakuna jembe, hakuna moshi, hakuna mtu njiani. Mtoto mmoja akauliza kama kuna msiba. Ndipo tuliposikia nyimbo kutoka kanisani, nikajipiga paji la uso. Suji ni Wasabato. Mimi, Mpare mwenye akili zangu timamu, nilikuwa nimewaleta watoto kutazama kazi siku ya Sabato!

Mzee wa kanisa alituona tumesimama, akatufungulia benchi. Hakutuuliza tulitaka nini. Tulikaa humo tangu asubuhi mpaka jioni, watoto wamelaliana mabegani, mimi natabasamu kwa kila anayegeuka. Baadaye wakatulisha chakula kilichopikwa Ijumaa, kimepoa, kitamu sana. Mzee mmoja mwembamba mwenye masharubu meupe akaniambia wakati tunaaga, "Mwalimu, njoo Jumapili ijayo. Jumapili tuna kazi." Huyo alikuwa Mzee Mbwambo, msimamizi wa ndiva.

Kwa hiyo nikakosa kanisa langu. Mchungaji wangu aliniangalia mwezi mzima kwa jicho moja.

Jumapili ile tukapanda tena. Tulikuta kijiji kizima kiko kwenye ndiva, maji yamefunguliwa yote, na chini kuna tope la msimu mzima, zito, jeusi. Ilikuwa siku ya msaragambo, yaani kazi ya wote, ambayo kila nyumba yenye zamu ya maji lazima itoe mtu. Wanaume walikuwa ndani ya tope wanachota, wengine wanapokezana karai, wanawake wanasafisha mfereji na kuleta udongo wa kuziba ukuta. Mimi nikawapanga watoto wangu vizuri ukingoni, wadogo mbele warefu nyuma, nikawaambia waangalie kwa makini kwa sababu wataandika insha.

Mzee Mbwambo akanyoosha mgongo. "Mwalimu, hawa wamesimama hapo wanafanya nini?"

"Wanatazama, baba."

"Hapa hakuna mtazamaji. Anayesimama ukingoni siku ya msaragambo anatozwa faini."

"Baba, hawa ni wageni."

"Mgeni hatozwi faini. Mgeni anavua viatu."

"Hawana viatu."

"Basi wamekwisha maliza nusu ya kazi," akasema, akarudi kwenye tope lake.

Mimi nilikuwa nawaza sare. Kila mtoto alikuwa na sare moja, na kina mama walikuwa wanafua kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haipatikani. Nikawaza nitakavyotukanwa bondeni. Wavulana hawakungoja niwaze, walishavua mashati wamerukia ndani. Wasichana waliletewa kanga kuukuu na wanawake wa pale. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye jiwe, goti limemvimba, alifungua kanga yake ya begani, akamwita Tausi kwa kidole, akamfunga kiunoni mwenyewe. Huyo ndiye Bibi Nakundwa. Alikuwa mjane, binti zake wameolewa Tanga, yeye yuko peke yake na kitalu chake cha maharage chini kidogo ya ndiva.

Tausi alifanya kazi siku ile mpaka watu wazima wakaanza kumtazama. Alikuwa amekua akiwasaidia watu wa kambini kuzoa makapi ya mkonge, alijua kupokea mzigo na kuupitisha bila kupoteza nguvu. Alisafisha mfereji pamoja na kina mama, anacheka, tope mpaka kwenye nyusi. Sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti darasani.

Mchana Bibi Nakundwa alileta kande, chungu kizima, mahindi na maharage yameiva mpaka yanasahau yapi ni yapi. Alijikokota nacho akisaidiwa na jirani. Kazi yenyewe hakuweza kufanya kwa ajili ya goti, basi alipika. Watoto wangu walikula kwa mikono ya tope, na mimi nilikula, na sijala kande kama ile tena.

Jioni, kazi ilipokwisha, Mzee Mbwambo alisimama juu ya ukuta wa ndiva kutaja zamu za maji za wiki ile. Hakuwa na karatasi. Alitaja jina la mtu aliyefanya kazi, akataja nyumba yake, akataja siku, na watu wote wakasikia. Namna ile ndiyo ilikuwa sheria yao. Kilichotajwa pale hakibishaniwi na hakirudishwi. Alipomaliza nyumba zote akageukia kwetu.

"Watoto wa Mwalimu. Jumanne asubuhi."

Watoto wakaangua kicheko. Nikasema, "Baba, tunashukuru sana, lakini sisi hatuna shamba huku."

"Sikuuliza kama mna shamba. Nimesema mmefanya kazi."

Nikawaambia watoto basi waamue wenyewe. Mmoja akapendekeza tuyabebe kwenye chupa. Mwingine akasema tuyauze. Tausi akainua mkono, kama tuko darasani. "Tumpe bibi wa kande."

Nilitazama chini kule kwenye kitalu cha Bibi Nakundwa. Maharage yalikuwa yametoa maua, na udongo ulikuwa umepasuka nyufa za kuingia kidole. Yasingefika wiki ya pili bila maji.

"Haiwezekani," akasema Mzee Mbwambo, na hakuwa na ukali hata kidogo. "Goti lake tunalijua. Kande yake tumekula. Lakini zamu ni ya aliyefanya kazi. Tukianza kusamehe magoti, mwaka kesho kijiji kizima kitaamka na magoti. Na zamu haiuzwi, wala haihamishwi kwa jirani. Inatembea ndani ya nyumba moja tu."

Hapo Bibi Nakundwa akajiinua kutoka kwenye jiwe lake.

"Mbwambo. Mtoto huyu amevaa kanga ya nani?"

Mzee akamtazama Tausi. "Yako."

"Amekula chungu cha nani?"

"Chako."

"Basi ni wa nyumba gani?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mzee Mbwambo alijifuta masharubu kwa mkono wa tope, akayaharibu kabisa. "Nakundwa, wewe ulikuwa hivyohivyo tangu usichana wako." Kisha akasimama wima, akapaza sauti ileile aliyowatajia wengine. "Tausi, nyumba ya Nakundwa. Jumanne asubuhi."

Tausi aligeuka nyuma kutazama kama kuna Tausi mwingine. Hakuwepo. Mimi nilijifanya nafunga kamba za kikapu ili watoto wasinione uso.

Nilidhani yameishia pale, kwamba bibi alikuwa mjanja, mzee alikuwa mwema, na maharage yamepata maji. Sikuwa nawajua Wapare wenzangu wa kusini. Baada ya muda, siku ya gulio, mama mmoja muuza ndizi kutoka Suji alipita shuleni, akasimama mlangoni mwa darasa langu na mkungu kichwani.

"Mwalimu, Mzee Mbwambo anauliza, Tausi wa Nakundwa yuko wapi? Jumapili iliyopita tulikuwa na kazi ya mfereji, nyumba yake haikutoa mtu."

Darasa lote likacheka, na mimi nikacheka. Tausi hakucheka. Alisimama, akamwamkia yule mama shikamoo, akasema, "Mwambie babu nitakuja." Jumapili iliyofuata aliazima jembe kambini, akapanda peke yake. Na kazi nyingine ilipoitwa akapanda tena. Akawa anarudi bondeni na ndizi, na maneno ya Kipare mdomoni, anayatamka kwa lafudhi ya kambini. Watoto waliacha kumwita lile jina. Sikuwakataza mimi. Waliacha wenyewe, kwa sababu kila wiki walikuwa wanagombania ndizi zake.

Alipoingia darasa la saba, shamba likafungwa kweli. Ilitangazwa asubuhi, na siku chache baadaye malori yakaja. Nilikwenda kambini kuwaaga wazazi. Vitanda vilikuwa nje, kuku wamefungwa miguu, watu waliokaa jirani miaka mingi wanagawana vyungu na kulia. Mzee Bukuru alikuwa amefunga godoro na sanduku moja. Alinisalimia kwa heshima, akaniambia wanakwenda Kigoma na kwamba Tausi atatafutiwa shule huko. Sote wawili tulijua mtihani ulikuwa karibu, na kwamba akitoka katikati vile, shule imekwisha. Mimi ni nani nimwambie baba amwache mtoto wake?

Ndipo nilipomwona Bibi Nakundwa. Alikuwa ameshuka kutoka Suji kwa lile goti lake, sehemu kwa miguu, sehemu kwenye gari la mkaa, na uso wake ulikuwa mweusi wa vumbi. Alikaa juu ya godoro la Mzee Bukuru bila kukaribishwa.

"Baba Tausi, mtoto huyu hawezi kuondoka," akasema. "Ana zamu ya maji."

Mzee Bukuru alikuwa mtu wa maneno machache. "Mama, mtoto wangu hana deni kwako."

"Hana deni. Ana kazi. Ametajwa. Nani atasimama mahali pake?"

"Mimi ni baba yake. Nimwache kwa watu?"

"Umwache kwake," akasema yule bibi. Baadaye sauti ikamlegea, akasema tena, polepole, "Na mimi niko peke yangu, baba. Sikufichi."

Mzee Bukuru akamgeukia binti yake. "Na wewe unasemaje?"

Nilidhani Tausi atazungumzia mtihani. Akasema, "Baba, Jumanne nina zamu."

Yule mzee alicheka, kisha akageukia ukuta wa mabati akakaa hivyo kidogo. Aliporudi alikuwa ameshaamua. Alifungua sanduku, akatoa nguo za mtoto, moja moja, akazikunjua na kuzikunja tena mbele yetu ingawa zilikuwa zimekunjwa vizuri. "Kigoma haihami," akamwambia. "Ukiwa tayari utanikuta." Wakati lori linaondoka alisimama nyuma, ameshika bomba, hapungi mkono wala hageuki pembeni, anamtazama tu mpaka vumbi likamfunika.

Nilifanya uhamisho wa Tausi kwenda shule ya kule mlimani, na mtihani aliufanyia huko. Alifaulu, alisoma, akaolewa na kijana wa palepale. Bibi Nakundwa alipofariki, Tausi ndiye aliyemzika. Na Kigoma alifika, tena baba yake akiwa bado hai. Alikwenda na mtoto wake wa kwanza mgongoni, basi mpaka Dodoma, kutoka hapo treni, akakaa huko msimu mzima akijifunza kwao kwa upande wa baba. Alirudi na dumu la mawese. Mpaka leo nyumba yake ndiyo pekee Suji inayounga kande kwa mawese, na majirani wanamtania sana, na wanakuja kula.

Mambo yamebadilika, mnayaona wenyewe. Maduka yalijaa, mitumba ikaja, watoto wakapata viatu. Halafu wakaja wageni wa mbali wanaolipa kutembezwa vijijini, na vijana kama ninyi mkawa mnawaongoza. Mwaka nilipostaafu nilikuwa natamani sana kupanda Suji mara moja tena, nikajibana kwenye gari la kijana mmoja mwongoza wageni, aliyekuwa mwanafunzi wangu. Wageni walikuwa na kofia pana na kamera. Tulifika ilikuwa Jumapili ya msaragambo. Wakajipanga ukingoni mwa ndiva, vizuri kabisa, kama nilivyowapanga watoto wangu.

Kutoka kwenye mfereji akanyanyuka mwanamke mrefu, tope mpaka magotini. Akamwambia yule kijana, "Waambie hapa hakuna mtazamaji. Wavue viatu." Kijana akatafsiri. Wageni wakatazamana, wakavua. Mmoja, mama wa makamo, ilimchukua muda kufungua kamba zake, na alipoingia kwenye tope alipiga kelele za furaha mpaka mbuzi wakakimbia.

Na mimi nikavua. Tausi alikuja mbio kunizuia, "Mwalimu, miguu yako, jamani, kaa." Nikamwambia aniache, hiyo ndiyo miguu aliyoniitia jina. Nilichota tope makarai machache, yasiyojaa, watoto wake wakiyapokea.

Mzee Mbwambo alikuwa amekwisha fariki. Jioni aliyepanda juu ya ukuta kutaja zamu alikuwa Tausi. Walikuwa wamemchagua wenyewe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta amekosa kazi. Alitaja bila karatasi, jina, nyumba, siku. Aliwataja hata wageni, na kijana wao akahangaika kuwaeleza wamepewa nini. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe lilelile la Bibi Nakundwa, najifuta miguu, nimechoka, macho yana maji. Nilitaka kushuka kimya.

Akanigeukia. Nikajua anachotaka kufanya, nikatikisa mkono.

"Mimi nipite, Tausi. Mimi ni wa Kighare. Sina shamba hapa."

Alinitazama, na nikaona kwamba anakumbuka dawati, kona yake, na Ijumaa ile.

"Hapa hatumpiti mtu, mwalimu," akasema. Kisha akapaza sauti. "Mwalimu Miguu, nyumba ya Nakundwa. Jumanne asubuhi."

Nililala kwake siku mbili. Jumanne tuliamka, tukafungua mfereji pamoja, maji yakaingia kwenye maharage.